Jovina Alivyopinga Ndoa Yake Mwenyewe

Maneno ya Violeth, rafiki yake aliyeko Bukoba mjini, yalimganda Jovina kama utomvu wa ndizi. Akimenya matoke anayawaza, akifua anayawaza: kwamba mchumba wake Rugaibula, mpima damu wa maabara moja hukohuko mjini, kila mchana yuko dukani kwa Urvashi, binti wa Kihindi anayeuza vitambaa, wanaongea mpaka chai inapoa.

Akampigia Rugaibula simu kutoka kijijini Nshamba.

— Unaongea naye nini?

— Habari za Mungu.

— Rugaibula, kama unadanganya, danganya vizuri basi.

— Ni kweli. Yeye anasema kila chenye mwanzo kina aliyekianzisha, na dunia ina mwanzo. Mimi nambishia, kisichopimika tusikiseme.

— Kumbe Mungu anapatikana kwenye vitenge.

— Waitu, tafadhali Jovina, niamini.

— Nitumie meseji zenu nizisome.

Hakutuma. Jioni Violeth akaandika: "Leo kacheka mpaka kashika tumbo. Wewe alishawahi kukuchekea hivyo?"

Hapo ndipo palipomchoma. Yeye Rugaibula humuuliza hali ya mvua na kahawa, basi.

Ndoa yao ilishatangazwa kanisani Jumapili mbili. Jumapili ya tatu Rugaibula akaja Nshamba, akakaa upande wa wanaume. Mchungaji akasoma majina yao, akauliza kama yupo mwenye pingamizi.

Jovina akasimama.

— Ninalo mimi.

Mama yake, Kokuhirwa, akamvuta gauni.

— Kaa chini mwanangu, unatuvua nguo.

— Mama, niache. Huyu hamwamini Mungu. Kutwa anabishana juu Yake mjini na msichana mwingine.

Kanisa zima likageuka. Rugaibula akainuka taratibu.

— Ni kweli, nilikuwa na mashaka. Sikutaka kuapa madhabahuni kitu nisichokiamini, nikatafuta mtu wa kubishana naye. Juzi Urvashi kaniuliza: "Hadubini yako inakuonyesha damu ilivyo. Inakuonyesha kwa nini kuna damu, badala ya kutokuwepo chochote?" Swali hilo nikarudi nalo maabara. Maswali bado ninayo, lakini nimekubali, Mungu yupo.

— Mbona hukuniambia mimi?

— Niliogopa utafanya hivi.

Jovina hakujua mikono aiweke wapi.

— Nisamehe. Mchungaji, nalifuta pingamizi langu.

— Usilifute. Mungu sijamwona, nimemwamini. Mimi unaniona, umeshindwa kuniamini.

Akatoka. Huu ni mwezi wa pili tangu siku hiyo, na Rugaibula hapokei simu ya Jovina.

Mabinti, epukeni haya:

— Rafiki anayekuletea habari za mchumba wako kila siku.

— Kudai meseji za mtu kama polisi.

— Kumwanika mwenzio hadharani kabla hamjakaa wawili.

— Kumcheka anayeuliza kuhusu Mungu. Anayeuliza hajakataa.

Na ninyi vijana, epukeni kumficha mchumba mnachokiwaza, mkaenda kukimwaga kwa mwingine.