Picha Kwangu, Sauti kwa Jirani

"Jirani, anayelia ni nani?"

Swali lilitoka upande wa pili wa ukuta. Nikaacha pindo nililokuwa nashona, nikasogelea kioo cha runinga.

"Ni yule dada wa nywele ndefu. Kashika barua."

"Ahaa. Mimi nikadhani mama mkwe."

"Mama mkwe hayupo kabisa. Hebu ongeza sauti kidogo, shangazi anakoroma."

Ndivyo tulivyotazama tamthilia ya Jumapili alasiri, mimi na jirani yangu Fundi Saa, kwa miezi minne. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nashona sare za shule, nakaa na shangazi yangu. Runinga mpya tuliziona dukani tu, tena kwa nje. Nikaenda kwa mzee mmoja aliyetengeneza runinga, watu wakimwita Mzee Waya, nikamwambia nataka ya bei ya mtu kama mimi. Akanitolea moja ya mbao, ya miguu minne myembamba, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake. Akasema picha ni safi, sauti ndiyo imekufa, na ndiyo maana bei iko chini. Tukaibeba na shangazi, yeye mbele mimi nyuma, tukipumzika kila baada ya nyumba tatu.

Jumapili ya kwanza nilikaa natazama watu wakifumbua midomo bila neno. Mara nikasikia maneno ukutani, na kila neno likaingia kwenye mdomo wake. Kumbe wiki hiyohiyo jirani naye alikwenda kwa Mzee Waya, akauziwa yenye sauti bila picha. Alikuwa mpole, anatengeneza saa za watu mezani kwake dirishani. Hakuwahi kuingia kwetu wala mimi kwake. Msichana na kapera kufungiana chumba kimoja, shangazi asingekubali. Ukuta hakuukataza.

Jumapili nikawa naanza kuisubiri tangu Jumatatu. Kabla ya tamthilia nachana nywele, na mwenyewe hata hanioni.

Basi shangazi akanitafutia mchumba, msimamizi wa ghala, mtu na heshima zake. Ili nyumba isionekane duni, Ijumaa nikiwa kazini akamwita Mzee Waya, akatia spika mpya. Narudi, nakuta runinga inazungumza na shangazi anatabasamu. Nikashukuru. Ningefanyaje?

Jumapili mgeni, yule mchumba, akaja, akacheka kwa sauti yake nene. Ukuta kimya. Jumapili ya pili akaja tena. Kimya. Ya tatu, asubuhi, mwenye nyumba akapita kusema jirani anahama siku hiyo, na chini ya mlango nikaokota kikaratasi:

"Jirani, nafurahi runinga yenu imepona. Sasa unayo sauti ndani. Nakutakia heri."

Alasiri mgeni alikuja kusikia jibu langu. Tamthilia ilipoanza nikainuka, nikazungusha kitufe mpaka sauti ikaisha.

"Mbona umezima, binti?" akauliza.

"Nimezoea kusikiliza ya jirani."

Shangazi akanikata jicho. Nikasubiri. Ukuta haukusema kitu. Nikatoka peku, nikaenda kugonga mlango wake.

Runinga yake ilikuwa imefungwa kwenye blanketi. Saa za wateja alizipanga ndani ya boksi la viatu, kila moja na karatasi ya jina.

"Unahama kwa nini?"

"Kodi imepanda."

"Mwenye nyumba wetu ni mmoja. Yetu haijapanda."

Akainamia lile boksi, akapanga upya saa zilizokwisha kupangwa.

"Nimesikia mwanaume anacheka kwenu," akasema. "Nikasema mtoto wa watu kapata wake, mimi hapa ukutani nafanya nini?"

"Mgeni kaitwa na shangazi. Spika nayo kaleta shangazi. Mimi sikuulizwa."

"Na ungeulizwa?"

"Nimeulizwa leo. Yupo pale anasubiri jibu, na mimi nimekuja huku."

Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza, maana uani tulikuwa tukisalimiana huku tunatazama chini. Kisha akauliza kama shangazi naye yupo. Nikamwambia yupo, tena kakasirika.

"Basi nipishe nivae shati."

Tukaingia kwetu, yeye mbele. Akamwamkia shangazi, akampa mgeni mkono, akasema amekuja kuomba ruhusa alete wazee wake. Mgeni akachukua kofia yake, akaaga vizuri. Alikuwa muungwana yule baba, mpaka leo namkumbuka kwa wema. Shangazi akamtazama jirani toka kichwani hadi miguuni, muda mrefu, nikajua tunafukuzwa wote wawili.

"Kaa kwanza, baba," akasema. "Halafu vifungue hivyo vifungo uvifunge upya. Umeruka kimoja."