Brashi ya Getini

Jumapili asubuhi soko la Avondale halipitiki. Ripeka Waaka alikuwa akijipenyeza kati ya mafungu ya majimbi na akina mama wenye vikapu, gauni la kijani juu, buti za kazini chini, na kwapani bomba refu la kubebea ramani. Aligeuka ghafla kuuliza bei, bomba likamchoma mwanamume mmoja mbavuni.

"Aisee dada! Unataka kuniua?"

"Pole kaka. Ni nyumba hiyo."

"Nimegongwa na nyumba?"

"Ramani ya nyumba. Mimi msanifu majengo. Ungesimama vizuri isingekugusa."

Mwanamume akacheka huku ameshika mbavu. Alikuwa Euan Pascoe, daktari wa meno, shati lake la bluu limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Alikuwa na kiwanja kule Titirangi, pembeni ya jiji, mteremko mkali wenye mti mkubwa wa asili uitwao mkauri, wa miaka mia nne, ambao baba yake aliukatalia shoka maisha yake yote. Alitaka kujenga hapo, na wasanifu watatu walikuwa wamemwambia aukate.

"Na wewe utaniambia nini?"

"Nitakuambia uniletee kahawa, halafu unionyeshe huo mti."

Getini kwa Euan kulikuwa na sanduku lenye brashi ngumu na chupa ya dawa. Titirangi nzima inajua: ugonjwa wa mikauri husafiri kwa tope la viatu, na ukishaingia kwenye mizizi hauna tiba. Kwa hiyo unasugua soli ukiingia, unasugua ukitoka.

"Kumbe hata viatu unavipiga mswaki!" Ripeka akamtania.

"Na kisiginoni, bibie. Ndiko wengi wanakosahau."

"Siku utakayonipigia magoti, tafadhali usiwe na brashi mkononi."

"Nikikupigia magoti utajua mwenyewe."

Wakapendana hivyo, kwa utani na penseli. Ripeka aliichora nyumba ikishuka na mteremko kwa vipande vitatu vya mbao na vioo, ikisimama juu ya nguzo nyembamba ili isiikandamize mizizi. Baraza ya mbao aliiachia tundu la duara, shina lipite katikati na nafasi ya kunenepa. Euan alimpigia simu kila mchana baina ya mgonjwa na mgonjwa.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Niko jikoni kwako. Nachora sinki."

"Lielekee mti. Nitakuwa naosha vyombo nikiutazama."

"Wewe? Uoshe vyombo? Hilo naliandika kwenye ramani, usaini."

Mwezi Juni, mvua ikinyesha, simu ililia Ripeka akiwa kwenye kiwanja cha mteja mwingine huko milimani, kwenye mikauri iliyougua, tope mpaka kwenye vifundo. Sauti ya Euan ilikuwa imekatika. "Baba amefariki. Niko hapa kwenye mti. Njoo." Ripeka aliendesha gari akilia. Alilipita sanduku la brashi bila hata kuliona, akateremka mbio mpaka shinani na kumkumbatia kwenye mizizi, wakakaa hapo mchana kutwa wameloa. Hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda siku ile.

Mwaka na nusu baadaye, nyumba ikiwa imeezekwa, majani ya juu yakaanza kugeuka manjano. Kisha utomvu ukatoka shinani, ukashuka kwa michirizi. Mtaalamu akachukua udongo, akarudi na jibu ambalo kila mtu alikuwa amelijua tayari.

"Ni Semisi," Euan alisema. Semisi ndiye fundi mkuu aliyechimbia nguzo. "Vijana wake wameniletea tope."

Ripeka akazitazama buti zake, akamwacha aamini hivyo. Siku ya pili akamwacha tena. Nani asingenyamaza? Alikuwa na mwanamume aliyemtaka na nyumba iliyobakiza vioo tu.

Wiki iliyofuata Semisi mwenyewe akampigia.

"Dada, daktari anatangaza kila mahali kwamba nimeua mti wake. Wateja wawili wamenikimbia. Mimi nilikuwa nasimama pale getini nawakagua vijana mguu kwa mguu. Wewe uliniona. Mwambie basi."

"Nitamwambia, kaka."

Alimkuta Euan barazani, kando ya lile tundu. Majani makavu yalikuwa yamejaa kwenye mbao mpya.

"Siyo Semisi," Ripeka alisema. "Ni mimi. Siku ya baba yako. Nilitoka kwenye tope la milimani, sikusugua."

Euan hakugeuka. "Najua."

"Unajua?"

"Niliziona buti zako. Nilikuona ukija nazo, nikafungua mikono. Ningeweza kukuambia rudi getini. Nikamsingizia Semisi, kwa sababu sikuweza kukusema wewe, wala kujisema mimi."

"Mpigie. Sasa hivi, nikisikia."

Akampigia. Alimwomba radhi kwa sauti ndogo, akaahidi kwenda kwa wale wateja yeye mwenyewe. Akaizima simu. Ripeka akamshika mkono.

"Tunaweza kuimaliza nyumba, mpenzi. Pamoja."

"Nimejaribu kufikiria hivyo. Nasimama kwenye sinki nakuona wewe na baba na mti, vyote siku moja. Sikuchukii, Ripeka. Bora ningekuchukia."

Ripeka alitaka kubisha, akaacha, maana na yeye alipokuwa akifumba macho alikuwa akiona hivyo hivyo. Alikunja ramani zake akazitia kwenye bomba. Wakapanda mteremko, yeye mbele, Euan nyuma.

Getini alinyoosha mkono kuchukua brashi, lakini Euan alimtangulia. Alipiga magoti kwenye changarawe na suruali yake ya kazini, akamshika kifundo cha mguu, akaanza kusugua soli, taratibu, mfereji kwa mfereji, mpaka kisiginoni. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya buti.

"Acha, nitajisugua mwenyewe."

"Kuna mikauri mingine huko unakokwenda."

Alimaliza wa kushoto, akaunyunyizia dawa. Hakuinua uso.

"Mguu wa pili," akasema. Ripeka akampa.