Valvu ya Rangi Ileile

Asubuhi hiyo mkewe alimimina chai kwa mkono wa kulia. Mwanamke wa mashoto tangu utotoni, ambaye hata mwiko wake ulishalika upande mmoja! Karani aliangalia, akanywa. Chai ilikuwa na sukari anavyopenda yeye, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemuuliza jana alichelewa wapi.

Tuseme ukweli alikochelewa. Karani huyu alimtunzia mkandarasi wa mabomba ya maji faili la vifaa. Kila kifaa kilitakiwa kuombewa kibali, mhandisi mshauri akisome na kukigongea muhuri, ndipo kifukiwe. Valvu iliyopata kibali, kile kifungio cha maji cha bomba kuu, ilikuwa bado njiani, na bosi analia kama king'ora. Basi karani akatafuta nyingine: kipenyo kilekile, matundu ya bolti yaleyale, na rangi ya buluu akaipaka mwenyewe kwa brashi. Karatasi yenye muhuri akaiacha juu ya faili, kofia ya mtu kwenye kichwa cha mwingine. Fundi wa mabomba alipoguna, karani aliinamia chemba, lile shimo la zege kwenye kona ya mtaa wake mwenyewe, akasema kwa sauti ya kuchekesha umati: "Kinachofanana kinatosha."

Chemba ikamrudishia maneno. Fundi alisema baadaye kwamba mwangwi ulichelewa kidogo, kama mtu anayenakili kwanza ndipo asome.

Kesho yake ndiyo ile chai.

Siku ya pili alijua. Tusimtetee, alijua. Mwanamke huyu hakunuka sabuni wala jasho, alinuka kutu mbichi, na akilala kifua chake hakipandi. Lakini alicheka kila mzaha, hata ule wa mbuzi na mtoza ushuru ambao mkewe halisi aliupiga marufuku tangu fungate. Hakununa, hakudai, hakuuliza. Karani, Mungu amsamehe, akaona nyumba imetulia.

Mabomba ndiyo hayakutulia. Ngo, ngo, ngo ukutani, kimya, ngo, ngo, ngo. Jirani akauliza, akaambiwa ni hewa. Fundi akaja kumnong'oneza kwamba hata chembani kunagongwa, naye akaambiwa ni hewa.

Siku ya tisa, mchana kweupe, karani alisimama kunawa mikono jikoni, na maji yalipotoka yalitoka mekundu, kisha membamba, kisha yakakatika kabisa, na katika ule mkoromo bomba linaoutoa likiishiwa maji akasikia pumzi, pumzi ya mtu aliyegonga mpaka akachoka, na baada ya pumzi likaja jina ambalo mkewe peke yake ndiye aliyemwitia kwa sababu ya domo lake lisilofungwa.

"Kasuku," bomba likanong'ona. "Nitoe."

Yule wa mezani akaweka kijiko chini taratibu. "Funga maji," akasema. "Si uliridhika?"

Mbio alizotoka hakukumbuka viatu. Kwa mganga wa mtaa wa pili alifika akiahidi kuku mweusi, mweupe, hata wa madoadoa. Mama mganga akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kuku hana kosa. Jini la chembani lilisikia kauli yake na kuipokea kama kibali. Sasa akaifute mbele ya mwenye muhuri, yule aliyedanganywa.

Kwa hiyo alisimama peku mbele ya mhandisi mshauri, ofisi nzima ikitazama vidole vyake vya miguu, akasoma barua ya kukiri aliyoiandika njiani. Mara hii hakuna aliyecheka.

"Rangi uliipaka wewe?" mhandisi akauliza.

"Mimi, mhandisi. Kwa brashi."

Angetukanwa ingekuwa nafuu. Mhandisi aling'oa tu ile karatasi ya muhuri, polepole, akaikunja.

Jioni ile mafundi wakainyanyua valvu. Chini yake, penye matope yasiyotosha hata paka kujikunyata, walimtoa mkewe, hai, kucha zimeisha kwa kugonga. Nyumbani, kwenye kiti cha yule mwingine, walikuta dimbwi la maji ya kutu.

Mkewe aliketi upande wa pili wa meza, akashika kikombe kwa mkono wa kushoto uliofungwa bendeji.

"Ulijua lini?"

Karani alikuwa na majibu ya watu kumi. Akayatafuta yote.

"Siku ya pili," akasema, akiutazama mwiko.

Mkewe akatikisa kichwa kidogo, akihesabu moyoni siku saba alizogonga bure. Aibu ikampeleka karani kule alikozoea kujificha, akaanza kwa sauti ya chini ule mzaha wa mbuzi na mtoza ushuru, akaufikisha hadi mwisho.

Mkewe hakucheka.

Jikoni, ndani ya bomba lililofungwa, kuna aliyecheka.