Mstari wa Mwisho wa Orodha

Kila Jumamosi asubuhi, kabla baba yake hajaruka, Karani alikuwa na kazi yake. Jina hilo la utani alipewa na baba kwa sababu ya kazi yenyewe. Alikaa kiti cha kulia katika ndege yao ndogo ya watu wawili, kadi mkononi, akisoma orodha ya ukaguzi.

"Mafuta?"

"Tayari."

"Redio?"

"Tayari."

Akimaliza, alishuka na kumpungia baba mkono.

Kadi ile iliandikwa na Mzee Miwani, rubani mkongwe aliyemfundisha baba kuruka. Mstari wa mwisho aliuandika kwa wino mwekundu: Transponda. Mzee mwenyewe ndiye aliyemweleza Karani maana yake.

"Ni kifaa kinachotangaza angani kwamba ndege yenu ipo, na iko juu kiasi gani," alisema. "Mimi macho yangu siku hizi hayana heshima, ndiyo maana ndege yangu nimeifungia skrini ya kunionyesha ndege zilizo karibu. Lakini skrini haina uganga, mjukuu wangu. Aliyezima transponda yake, ndege yake haionekani."

Jumamosi moja Karani alikuwa na haraka. Rafiki yake alimngoja langoni mwa kiwanja cha ndege waende kuogelea. Aliisoma orodha mbiombio, kama mtu anayekariri jedwali la kuzidisha.

"Transponda?"

"Tayari," baba akajibu, macho yakiwa kwenye saa ya mkononi.

Karani akaona swichi bado iko kwenye "Subiri", yaani kifaa hakijaanza kutangaza. Alifungua mdomo, kisha akajiambia kwamba baba ni rubani, anajua anachofanya. Akashuka, akakimbilia langoni.

Nusu saa baadaye ndege ya baba na ya Mzee Miwani ziligongana angani karibu na kiwanja. Baba alitolewa akiwa hai, mguu umevunjika. Mzee Miwani alikufa.

Karani alilia mpaka sauti ikamkauka. Kilichomuumiza zaidi ni maneno aliyoyasikia msibani.

"Macho yale, jamani," fundi wa ndege alinong'ona. "Tulimwambia apumzike, akawa mbishi."

Mkaguzi wa ajali naye alisema vifaa vya ndege zote mbili vimeungua, hakuna kinachoweza kuthibitisha lolote. Baba alikuwa ameeleza kwamba alikagua kila kitu, na aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Basi lawama ikabaki kwa marehemu. Bibi, mjane wake, aliyasikia yote. Aliinamisha kichwa, akaendelea kufuta meza iliyokuwa safi tayari.

Siku tisa Karani aliibeba siri hiyo peke yake. Akisema, baba atanyang'anywa leseni. Akinyamaza, Mzee Miwani atakumbukwa kama kipofu aliyejiua kwa ubishi. Siku ya kumi alisimama kando ya kitanda cha baba hospitalini.

"Baba, swichi ya transponda ilikuwa kwenye 'Subiri'. Ulisema tayari bila kuitazama. Mimi niliiona, nikanyamaza."

Baba alimgeukia.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Machozi yalimtiririka baba hadi masikioni, na hakuyafuta. "Nimemzika mzee wa watu na kosa langu," alisema. "Mwambie muuguzi ampigie simu mkaguzi."

Leseni ilichukuliwa. Baba alipoweza kutembea kwa magongo, walikwenda nyumbani kwa Bibi. Baba aliambiwa akae, akakataa, akaeleza yote akiwa amesimama.

"Kwa hiyo hakushindwa kuona?" Bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Skrini yake isingeweza kunionyesha. Mimi ndiye niliyekuwa sionekani."

Bibi alijifunika uso kwa kanga, akalia. Alipotulia, alimkalisha Karani kando yake.

"Ungesema siku ile, angekuwepo hapa akinisumbua na chai yake. Sitakudanganya kuhusu hilo," alisema. "Lakini umesema ukijua kwamba maneno hayo yatakuumiza wewe na baba yako, na watu sasa watamtaja mume wangu kwa heshima. Ukiona mkubwa amekosea, mwambie kwa adabu, lakini mwambie papo hapo. Na sisi wakubwa tusijibu 'tayari' kwa mazoea. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi. Nisamehe."

Karani akaitoa kadi mfukoni na kumrudishia. Bibi akaipapasa, kisha akamrejeshea.

"Nisomee. Miaka yote aliiandika na kuiandika upya, sikuwahi kuisikia ikisomwa."

Karani akasoma taratibu, mstari kwa mstari, akingoja kidogo baada ya kila mmoja. Akafika kwenye wino mwekundu.

"Transponda?"

Baba alitazama sakafu; safari hii hakusema "tayari".