Sifuri Tatu za Uongo

Kila siku saa tatu asubuhi, binti yule alishuka kwenye mashamba ya majaribio, akasoma kipima mvua, akarudi kuandika daftarini. Kazi hiyo alipewa na shangazi yake, bibi shamba wa kituo cha utafiti wa kilimo, aliyemchukua baada ya mama yake kufariki.

Kituo kilikuwa kimya, jamani! Mahindi yenye vibao vya namba, ghala, ofisi, basi. Mtoto wa kucheza naye hakuna. Likizo ilipoanza, shangazi alisafiri siku tatu kufundisha wakulima, akamwacha na mke wa mlinzi, mama mpole lakini asiye na maneno mengi.

Upweke ulimzidi. Siku ya kwanza hakushuka. "Nani atajua? Nani ananijali?" alinung'unika, akaandika sifuri. Siku ya pili, ingawa alfajiri aliisikia mvua ikipiga bati, aliandika sifuri. Ya tatu, hivyo hivyo.

Jioni hiyo shangazi alirudi, hata viatu hajavua akafungua daftari.

"Sifuri zote tatu? Nami niliona ardhi ina unyevu nikafurahi, kumbe ni manyunyu tu yasiyopimika!" Akatoa simu. "Ngoja niwaambie wakulima wasipande kwanza."

Binti alishtuka. Wakichelewa kupanda, watavuna nini?

"Shangazi, usitume! Mvua ilinyesha. Mimi sikushuka kupima."

Shangazi alimshika mkono wakashuka wote. Kipima mvua kilikuwa na maji ya milimita thelathini na nane.

"Yanatosha kupandia," alisema, akawaandikia wakulima wapande.

Ofisini alizikata zile sifuri, akaweka vistari. "Sifuri maana yake umeangalia ukakuta hakuna. Kama hukuangalia, weka kistari. Wakulima wanatuamini, mwanangu. Ukiandika uongo, wao ndio watakaolala njaa."

"Nisamehe. Nilikuwa mpweke mno," binti alisema huku akilia.

Shangazi alifunua kurasa za nyuma. Namba tupu, mwezi baada ya mwezi, na katikati yake kistari kimoja tu. Binti aliisoma tarehe, akaikumbuka.

"Siku hiyo sikupima mvua," shangazi alisema. "Nilikuja kukuchukua wewe, nikaandika kweli. Kwa hiyo sema kweli daima, hata ya moyoni. Upweke ukikushika tena, usiuandikie sifuri. Niambie."