Alama Iliyogeuza Lori la Maji

Lori la maji halikufika zahanatini. Muuguzi Kasiva aliwazalisha akina mama kwa maji ya kuomba kwa majirani, na kulipokucha akaenda kituo cha polisi cha Mutomo kuripoti wizi.

Inspekta Kasyoka alianza na dereva, Nzomo. Hakubabaika. Alieleza kwamba simu yake ya kazi ilimwelekeza kwenye kambi ya zamani ya machimbo, akakuta tangi tupu, akalijaza, akaondoka. Inspekta alimzuia kituoni, asizungumze na mtu.

Kisima alichochota maji hayo kilikuwa cha kikundi cha akina mama. Mfumo wao wa kuagiza maji kwa simu uliundwa na Ndila, mzaliwa wa huko huko, aliyerudi nyumbani na shahada yake wenzake walipobaki Nairobi. Tayari sokoni walimwita mwizi. Muthoki, mwenyekiti wa kikundi, alimleta kituoni mwenyewe.

"Afande, muulize chochote," alisema. "Huyu ni fundi wetu."

Ndila alifungua kompyuta. Kila ombi, alieleza, husafiri hadi kwenye seva, kompyuta kuu ya mfumo, likiwa na sehemu zake: anayeomba, mahali pa kupeleka, na maelezo. Aliposoma ombi la zahanati, aliweka kidole kwenye mstari mmoja.

Kwenye maelezo mtu alikuwa ameandika "haraka", akaweka alama ya kufunga nukuu, ambayo huiambia kompyuta kwamba maelezo yameisha, kisha akaongeza mahali pengine: kambi ya machimbo. Programu iliyabandika maneno hayo ndani ya ombi jinsi yalivyo. Seva ikaona mahali pawili, ikafuata pa mwisho.

"Kwa hivyo mlango ulioachwa wazi ni wako," Inspekta alisema.

"Ni wangu, afande. Lakini aliyepita si mimi."

Inspekta alipenda jibu hilo. Aliwaacha Ndila na Muthoki pale kituoni pamoja na Nzomo, akaenda zahanatini. Kasiva alimwambia kwamba ombi lilitumwa na Mulinge, karani wa pale, aliyesoma chuo kimoja na Ndila. Mulinge alikaribisha maswali kwa tabasamu.

"Uliandika nini kwenye maelezo?"

"Haraka. Basi."

"Hukuongeza kitu?"

"Mimi? Muulize Ndila. Mfumo wake ndio umepeleka maji machimboni."

"Nani amekwambia ni machimboni?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Wanaojua wako kituoni kwangu, na hakuna aliyetoka."

Tabasamu lilikwisha. Mulinge alitazama mlango, akamwona konstebo amesimama hapo, akaketi.

Alikiri bila kusukumwa. Yeye pia aliiomba kazi ya mfumo ule, lakini akina mama wakamchagua Ndila. Tangu hapo alimsikia akisifiwa kisimani, sokoni, hata kanisani. Kasoro ya programu aliigundua zamani, akaitunza hadi siku ya kumwaibisha. Maji yenyewe hakuyahitaji.

"Ungemwonyesha kasoro hiyo, nawe ungesifiwa," Inspekta alisema.

"Nilitaka wajue walikosea kumchagua."

"Na akina mama waliokuwa wakijifungua?"

"Sikuwafikiria."

Kasiva, aliyekuwa akisikiliza, aligeuka akarudi wodini.

Mulinge alipofikishwa kituoni na pingu mikononi, Ndila alikuwa ameshaandika upya sehemu ile. Maneno ya mteja hayakubandikwa tena ndani ya ombi. Yalipitia kwanza kwenye chombo cha programu kinachoiwekea kila alama kinga, ili andishi la mtu libaki andishi tu, lisigeuke amri. Na ombi lenye mahali pawili sasa lingekataliwa na seva.

Alimwomba Inspekta ajaribu hila ileile kwa mkono wake. Kasyoka aliomba maji ya zahanati, kwenye maelezo akaandika neno, akafunga nukuu, akaongeza machimbo, akatuma. Simu ya Nzomo ikalia.

"Inasema uende wapi?" Inspekta aliuliza.

"Zahanati," Nzomo alijibu. "Huo uchafu mwingine umeandikwa kwenye maelezo."

Muthoki alimgeukia Mulinge bila hasira.

"Tulichagua vizuri," alisema, kisha akamwambia Nzomo awashe lori, kwani akina mama walikuwa wakingoja.