Kichujio cha Nsimire

Nsimire alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitoboa kifuniko cha bidoni ya njano, dumu la maji la plastiki, kwa msumari. Alitoboa tundu moja, akapuliza vumbi la plastiki, kisha akapima kwa kidole nafasi ya tundu lililofuata. Kando yake, katika bwawa dogo la nyuma ya nyumba yao huko Nyalukemba, samaki tisa walikuwa wakihema midomo ikiwa juu ya maji. Maji yalikuwa yamegeuka kijani na kuanza kunuka.

"Papa alisema akirudi na kukuta maji iko hivi, anafukia bwawa," kaka yake Bruno alimkumbusha maneno ya baba yao. "Leo tutakula samaki!"

"Wewe utakula sombe, majani yako ya muhogo," Nsimire alijibu bila kuinua kichwa.

Hawakuwa na pampu, na umeme ulikatika kila mara. Lakini uwanja wao, kama viwanja vingi vya Bukavu, ulikuwa mteremko. Maji yakimwagwa juu, yangeteremka yenyewe. Nsimire alikata kitako cha bidoni, akaigeuza mdomo chini, akaisimamisha juu ya mawe matatu. Ndani alipanga kitambaa, changarawe, makaa yaliyopondwa, kisha mchanga. Kipande cha bati kilichokunjwa kingepeleka maji bwawani.

Bruno alimwaga ndoo ya kwanza ya maji ya bwawa. Punde maji yakaanza kutoka chini, meupe kabisa, lakini yakiwa na povu.

Nsimire aliliondoa bati haraka. Alikumbuka kwamba asubuhi alikuwa ameosha changarawe kwa sabuni ya unga, kama Maman anavyoosha kila kitu, hata viatu.

"Povu kidogo tu," Bruno alinong'ona. "Iache iingie. Papa ataona maji meupe, atafurahi."

Lango likalia. Papa Élie aliingia, akasimama mbele ya bwawa lililokuwa bado kijani.

"Nsimire, mbona maji hayaingii?"

"Papa, ni kosa yangu. Niliosha changarawe na sabuni. Ikiingia, samaki watakufa."

"Na nikisema muda wako umeisha?"

"Basi ufukie, Papa. Lakini siwezi kuwatilia sabuni."

Papa akavua koti lake. "Bruno, leta maji safi."

Walitoa kila kitu. Wakaosha changarawe na mchanga mara nne, wakaponda makaa mapya. Nsimire alijaza chupa maji yaliyotoka kwenye kichujio, akaitikisa kwa nguvu. Hakuna povu. Ndipo akarudisha bati.

Maji yakateremka, yakaanguka bwawani kwa mlio mwembamba. Samaki mmoja akaja pale yalipoangukia, kisha wengine wote.

"Inapita!" Bruno alipiga kelele, akirukaruka. "Maman, kuja uone! Enjinia wetu!"

Papa alicheka, akamshika Nsimire bega. "Kosa ulilolisema mapema tumelisafisha kwa ndoo chache za maji. Ungelinyamazia, kesho tungekuwa tunazika samaki tisa. Endelea hivyo, binti yangu. Bwawa ni lako."

Jua lilikuwa linazama, na upande wa chini wa bwawa ulikuwa bado kijani. Bidoni moja haikutosha. Nsimire alichukua kipande cha mkaa, akachora mstari kuzunguka bidoni ya pili, mahali pa kukata kesho baada ya shule. Akaiegemeza ukutani, akaenda kunawa mikono.